Bikoni ya Saba

Mimi nilikuwa mshika utepe tu.
Mpimaji alichungulia kwenye mtambo wake wa miguu mitatu,
nami nikakimbia na ncha, kule mbele,
penye majabali ya Kahangara yanayolitazama ziwa
kama ng'ombe waliolala, wakicheua.

Shigela alitupokea kwa soda mbili za moto.
Amestaafu kiwanda cha pamba,
kiinua mgongo chote amekimimina hapa:
mihogo, waya wa miiba,
na hati aliyoificha ndani ya kopo la maziwa.

Bikoni ya saba ilitakiwa ikae juu ya jabali.
Sururu ikalia, ikaruka, ikalia.
Jua la saa saba. Mpimaji akasema: sogeza.
Nikasogeza.
Hatua mbili, labda tatu.
Nani angehesabu?

Nungunungu hasomi hati.
Mdomo wa shimo lake uko mawe ya watu wote,
tumbo la shimo liko chini ya mihogo ya Shigela.

Wakaja wawindaji wake, wanaoingia shimoni kwa kichwa,
Nkwabi mbele, tochi mdomoni,
dawa ya babu yake imefungwa kiwikoni.
"Tunakuondolea mwizi, mzee."
"Mwizi yupi? Mimi naona majembe kwenye ardhi yangu."
"Babu zetu walichimba hapa kabla waya haujazaliwa."
"Basi babu zenu walete hati."

Gobore lililia mara moja.
Nkwabi alikuwa nusu ndani, nusu nje.
Walimvuta kwa miguu,
kama anavyovutwa mnyama.

Ya siku ya tatu siyasemi.
Waya ulikatwa. Shigela alikutwa kwenye magugu maji,
kina cha goti,
pale watoto wanapochota.

Wadogo zake Nkwabi waliposimama kizimbani
niliitwa na utepe wangu.
Shimo liko ndani ya mpaka, au nje?
Nikasema: kwa mujibu wa bikoni, ndani.
Kwa mujibu wa bikoni.
Jabali sikulitaja.
Wajane wawili, Minza na Holo, walikaa benchi moja,
maana benchi lilikuwa moja,
na kati yao mkoba wa mtu ambaye hakuja kuuchukua.

Jana nilipita kule.
Mihogo imefukuliwa, mizizi imetafunwa,
kinjia chembamba kinapita chini ya waya uliobaki
bila kuugusa.
Nikaokota mwiba mmoja:
mweupe, mweusi, mweupe,
pingili kwa pingili kama ile fimbo ya mpimaji.
Nikausimamisha juu ya jabali.
Ukaanguka.