Namsoma Polepole

Kitabu nakiweka chini ya daftari la meli,
si kwa aibu: Hylke akija kunipokea zamu
huweka kikombe chake popote palipo tambarare.
Kibanda cha daraja kina madirisha matatu,
kiti kimoja, hita yenye kikohozi,
na Novemba hii ya Harlingen
mvua haitoki juu, inatembea upande kama kaa.

Fenna amepiga magoti jikoni mwa watu.
Kazi yake ni kubandua vigae vya kale
kwa kisu chembamba, asivunje hata pembe.
Amefika kwenye kigae cha mbwa,
mbwa wa buluu, anaruka, ana miguu mitano.
Anacheka. Anakigusa kwa kiganja kitupu.
Hapo ndipo chumba kinapomponyoka.

Nyie msiosoma vitabu hivi mtasema uongo mtupu.
Haya. Mimi napenda namna mlango unavyofunguliwa:
hakuna radi, hakuna mshumaa unaozimika ghafla,
ila harufu ya tanuri na udongo mbichi,
na msichana wa mwaka 1694,
Trijntje, ameshika brashi ya manyoya ya ng'ombe,
anamalizia mguu wa nne wa mbwa
wakati kivuli cha Gosse kinaangukia meza.
Mkono ukaruka.
Mguu wa tano ulizaliwa hivyo.

Nilifunga kitabu nikatembea. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi,
ndio ukubwa wa kibanda.
Karne tatu mguu ule umemngoja mtu wa kuuelewa!

Sehemu za leo, nikiri, mara nyingine nazipita mbiombio.
Kuna Ruurd wa nyaraka, mwenye miwani na mashaka,
anamwambia Fenna: niletee karatasi, si ndoto.
Watapendana. Wote tunajua,
hata kigae kinajua.
Lakini Ruurd huyohuyo, sura ya saba,
alifungua leja ya meli za kuwinda nyangumi
na kidole chake kikasimama:
Gosse. Alibaki barafuni. Mshahara kapewa dada.
Aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi,
kisha akavua miwani.

Basi ninajua. Nimejua tangu sura ya saba.
Na sasa niko ya kumi na tisa, Gosse ndio kwanza ananunua soksi,
anamwahidi Trijntje kurudi kabla shayiri haijakatwa,
nami mwanamke mzima, miaka hamsini na nane,
naipigia karatasi kelele: usipande!

Wobbe alikuwa akinicheka.
Kifo cha mtu wa wino, aliuliza, kinakuliza nini?
Glovu zake zipo bado kwenye ndoano, nyuma ya mlango wa nyumbani.
Nilijaribu mara moja, msimwambie Hylke.
Nikaingiza mikono yote miwili, nikafumba macho
jinsi Fenna anavyofumba.
Lami. Tumbaku. Senti kumi kwenye kidole cha shahada.
Hakuna chumba kilichoniponyoka.
Nikasimama palepale mpaka birika likapiga mluzi.

Redio inakoroma: mashua ya mchanga, inaomba njia.
Naacha kidole gumba ndani ya ukurasa,
kwa mkono wa pili nabonyeza. Kengele, vizuizi,
barabara inainuka na madimbwi yake yanamwagika.
Nahodha anapunga mkono kuelekea taa,
haoni nani yuko nyuma yake.

Saa tano Hylke anaingia na upepo wake.
Anatazama jalada, anatazama macho yangu.
"Amekwishakufa?"
"Bado," nasema. "Namsoma polepole."