Nyenje Saba

Leo ni siku ya kumi na moja, Puuro hajala.
Amekaa kwenye pembe ya tangi, miguu ameikunjia tumboni,
rangi yake ya jani imegeuka ya chai iliyosahauliwa.
Jina alipewa na Aarni, akiwa na miaka tisa:
Puuro, yaani uji,
kwa namna alivyomwagika juu ya jiwe akatulia.

Sasa Aarni yuko jeshini, Kajaani,
nami nimeachiwa ufunguo wa baiskeli, deni la simu,
na chura.

Wanaosema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji
hawajaishi na kimya chake.
Narudi kutoka kiwanda cha mikate alfajiri,
nywele zimejaa unga,
na kabla sijavua buti napiga magoti mbele ya kioo:
Unapumua?
Koo linacheza. Kidogo, kama ukope.
Basi.

Oulu, nje, ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nyenje wanauzwa mwisho wa njia ya basi.
Nimewabeba kifuani, chini ya koti, chini ya sweta,
kisanduku kikinikuna ubavu,
na kijana mmoja akachomoa vispika masikioni
akitafuta wapi panalia kiangazi.

Daktari Paloniemi alimweka kwenye mizani ndogo kama ya sonara.
Gramu thelathini na nane. Zamani hamsini na moja.
Akambonyeza tumbo kwa kidole kimoja chenye glavu.
"Usimlazimishe," akasema. "Mpashe joto kwanza.
Tumbo lililopoa halijui njaa."
Akauliza tangi lina nyuzi ngapi.
Nikajibu ishirini na sita,
kama Aarni alivyoandika kwenye karatasi ya mlango wa friji.
Karatasi nilikuwa nimeisoma. Kipimajoto, la.

Kilisema kumi na saba.
Nikaufuata waya kwa mkono, nyuma ya kabati,
kama anayetafuta pete ndani ya kinyunga,
mpaka kwenye soketi:
mkeka wa umeme umechomolewa,
na mahali pake, na kitaa chake cha kijani,
chaja ya simu yangu.
Mimi. Usiku ule niliongoja anipigie.

Nilichota maji niliyoyalaza usiku kucha ili klorini itoke,
nikayapima kwa kiwiko, kama zamani, beseni la mtoto,
nikamweka Puuro ndani, yakafika kidevuni tu.
Sikumwimbia. Nilimsomea bili ya umeme,
ndiyo karatasi iliyokuwa karibu,
nikamwomba radhi kwenye kila tarakimu.

Joto likapanda. Nyuzi moja. Nyingine.
Kinachoumuka hakiharakishwi,
hilo nalijua kwa mikono.

Siku ya kumi na nne nikatia nyenje saba.
Asubuhi nikahesabu sita.
Nikaruka na buti zangu, Bwana Raunio wa chini
akagonga dari kwa fimbo,
kisha nyuma ya friji:
kri, kri.
Wa saba alikuwa ametoroka.

Kumi na tano, sita.
Kumi na sita, sita tena. Niliwahesabu kwa tochi,
nikawachukia kwa afya yao.
Siku ya kumi na saba, watano,
na mguu mmoja mwembamba umenata pembeni mwa mdomo wa Puuro
kama kijiti cha meno cha mtu aliyetoka karamuni.

Nikamwandikia Aarni neno moja: Amekula.
Habari ya soketi sikuandika.
Hiyo nitamwambia akija, uso kwa uso,
au sitamwambia.

Jibu likaja jioni, nikifunga kamba za buti:
Na wewe?

Juu ya meza palikuwa na mkate wa juzi,
kisu kimechomekwa, kipande hakijatoka.
Nikasimama mbele ya friji bila kuifungua.
Nyuma yake, kwenye uvuguvugu wa mota,
yule mtoro alikuwa akiimba.