Mara Arobaini na Moja

Ghorofa ya pili, Umoja, juu ya duka la rangi:
skrini tano, nne nzima, moja ina mstari wa kijani,
na padi ambayo kitufe chake cha mraba
kimefutwa alama na gumba langu.
Hapa nilikuwa mtu.
Vijana wa shule walilipa mechi
ili nao waseme nimewapiga.

Kisha nikagota.

Sijui siku gani. Mti haukuambii siku ulipoacha kurefuka.
Januari Wanzala alinitoa Ngara, raundi mbili kwa moja.
Machi akanitoa tena, mbili kwa moja.
Juni, mbili kwa sufuri, huku anatafuna njugu
kwa shavu moja, macho hayapepesi,
mchomeleaji wa mageti kule Kariobangi
aliyezoea kutazama moto.

Nikafanya walichoniambia: ongeza saa.
Saa tatu zikawa sita.
Nikajifunza msururu wa mapigo kumi na saba
unaomweka mtu hewani asiguse chini
hadi mstari wa uhai wake uishe.
Mzuri. Wa kupigwa picha.
Ila kwa Wanzala sikupata hata pigo la kuuanzisha.
Nikalaumu padi. Nikalaumu stima. Nikamlaumu mpiganaji wangu,
yule mama wa rungu na mkufu wa shaba,
nikamwacha wiki mbili kwa kijana mwenye mbawa,
nikamrudia kimyakimya, kama mume aliyelala nje.
Maji yale yale, kinu kile kile,
mchi tu ndio mpya.

Mwenye chumba ni Ndunge. Hachezi.
Anauza dakika na chai ya tangawizi,
na ana daftari la madeni lenye jalada jeusi.
Jioni moja tokeni zilikatika katikati ya raundi,
kila mtu akaguna gizani.
Akawasha tochi ya simu, akalifungua kwa nyuma,
akasoma kama anayenidai:
"Wiki hii umeangushwa mara hamsini.
Mara arobaini na moja umeinuka na teke."
Nikasema, teke ni zuri.
"Ni zuri. Hata mimi nalijua linakuja,
nami nachemsha chai."

Nyumbani kaka akaniuliza mbona nimechelewa,
nikamjibu kabla hajamaliza.
Arobaini na mbili, nikajiambia.

Kuacha teke si kujifunza kitu.
Ni kukaa na mikono iliyojaa, usibonyeze.
Ukinge. Ukinge tena.
Fremu kumi na mbili, kope ishuke ipande:
sikujua mna nafasi humo
ya mtu kukaa akafikiri.

Wiki tatu kila mtu alinipiga.
Lokwang wa gredi ya sita, miguu haifiki sakafuni,
alinipiga mara nne, akaniomba radhi.
Gumba liliwasha kama la mtu aliyeacha sigara.
Ndunge hakusema neno, alichora vijistari tu.
Thelathini na tatu.
Ishirini na nane.
Kumi na tisa.

Septemba, Ngara, ukumbi ulio juu ya maduka ya simu,
Wanzala na njugu zake.
Raundi ya kwanza yake. Ya pili yangu, sijui vipi.
Ya tatu akaniangusha pembeni, akarudi nyuma hatua moja,
hatua ile ya Januari, ya Machi, ya Juni,
akalisubiri teke langu kama anayesubiri chenji.
Sikulileta.
Nikaona taya limeacha kutafuna.

Alishinda hata hivyo, tusidanganyane.
Alinimaliza kwa mkamato mfupi nisiowahi kuuona
kwa sababu sikuwahi kumlazimisha autoe.
Tukapeana mikono. Vidole vyake vina makovu madogo ya cheche.
"Hiyo umeitoa wapi?" akaniuliza.
Nikasema: kwenye daftari la madeni.

Jumatatu nilimkuta Ndunge anapiga mistari ukurasa mpya.
Juu ameandika MKAMATO,
na kikombe kimeacha duara la chai chini yake.
Nikalipa saa moja tu.