Kwa Pahoua, Anayeomba Mara ya Pili

Mimi si profesa. Nalisha samaki tu,
mwaka wa kumi na tisa sasa, ghorofa ya chini,
matangi mia tatu na arobaini,
na theluji ya Minnesota ikiziba kidirisha tangu Novemba.
Lakini waombaji nimewaona wakija na kwenda,
basi nisikilize, Pahoua Lor,
huku ukinisaidia kubadilisha chujio.

Mwaka jana ulituma maombi kumi na tano.
Zikaja "tunasikitika" kumi na nne,
na chuo kimoja mpaka leo hakijajibu.
Hukulia. Ulisugua tangi la saba
mpaka kioo kikalia badala yako.

Insha yako niliikuta kwenye printa.
Naomba radhi. Niliisoma mara mbili.
"Tangu utotoni nimependa sayansi na kuwasaidia watu."
Mwanangu, nani hakupenda?
Hata fundi bomba husaidia watu,
na maji yake huonekana.
Unaomba miaka minane, pengine tisa,
tiba kwa mkono huu, utafiti kwa mkono ule;
wao wanauliza kwa nini mkono mmoja haukutoshi.
Hilo hukulijibu.
Uliorodhesha: saa mia sita za maabara,
saa mia mbili za zahanati, tuzo ya kitivo,
kama risiti ya dukani, ndefu, sahihi,
na hakuna ajuaye nyumbani kulipikwa nini.

Andika ule usiku wa Januari.
Kipasha joto cha rafu ya kaskazini kilikufa,
ukanipigia saa tisa, nikaja na buti za mume wangu.
Samaki themanini na mmoja, wenye milia ya pundamilia,
wembamba kama kidole cha mtoto,
kila mmoja ulikuwa umemkata ncha ya moyo
uone ukiota tena,
sasa wanaelea ubavu ubavu.
Miezi mitano, maji matupu.
Profesa Lindqvist akasema, anza upya.
Wewe ukasema, ngoja, kuna tisa wazima.
Kwa nini hawa tisa?

Hapo ndipo nilipoacha kukuita mwanafunzi.
Na jibu lilipotoka, kwamba hawakuwa na siri yoyote,
walikaa tu karibu na bomba la maji moto,
ulicheka mpaka ukakaa sakafuni,
kisha ukaandika daftarini: *bomba*.
Liandike hilo. Usilipake rangi.
Kamati imechoka na washindi.

Na ile Jumamosi zahanatini,
ulipomtafsiria bibi anayeuza mchaichai sokoni.
Daktari alisema kipimo ni hiki, wote hutumia hiki.
Bibi, fizi zikimvuja damu, akauliza kwa Kihmong:
"Hao wote, alikuwamo mmoja wetu?"
Ulinyamaza kabla ya kutafsiri.
Uliniambia haya umeshika neti, unatazama kwingine.
Kule kunyamaza ndiko insha yako.
Kuna ambaye angebadili kidonge, akaita mgonjwa mwingine.
Kuna ambaye angewahesabu wasiohesabiwa, bibi asimwone kamwe.
Wewe ulitaka yote mawili, pale pale, umesimama,
koti hujavua.

Barua za mapendekezo: achana na yule mwenye jina kubwa
aliyekuona mara mbili kwenye lifti.
Mwombe Lindqvist. Mpe tarehe,
na umkumbushe habari ya bomba, maana husahau.
Kemia uirudie, ile alama inakuchongea.
Tuma Juni, usingoje Oktoba.
Kwenye usaili wakikuuliza usilolijua,
sema sijui, halafu sema ungeanzia wapi.

Sikuahidi kitu. Nimeona wazuri wakikosa.
Mimi mwenyewe niliwahi kujaza fomu moja, zamani,
nikaitia kwenye droo ya jikoni
chini ya betri na mishumaa.
Bado imo. Mwandiko mzuri kweli.

Haya, shika hapa. Kaza.
Lile chujio lingine liko nyuma yako.