Maneno ya Orodha Tu

Mimi na Lorne Petursson tumepangiwa ndege moja,
Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Winnipeg kwenda Thompson,
viti arobaini na vinane, baridi ya kupasua meno.
Miezi miwili tangu mgomo uishe.
Hakunisalimia. Nami sikumsalimia.

Breki? — Zimefungwa.
Mafuta? — Kilo elfu mbili na mia nne.
Flapi? — Kumi na tano.

Huyu ndiye aliyenifundisha upepo wa ubavuni:
"Usishindane nao, Thora. Upe bega,
kisha nyoosha pua sekunde ya mwisho."

Siku ya kumi na tisa tulikuwa kumi na wawili langoni.
Mabango yameganda, Orest Danylchuk anachoma mbao za kreti ndani ya pipa,
tunabishana kama supu ya wale wa kaunta ina nyama au haina.
Hatukudai ndege ya dhahabu.
Saa kumi za mapumziko kati ya safari na safari,
na mtu akisema "nimechoka" asidaiwe cheti.
Menejimenti ilijibu kwa barua ya kurasa mbili.
Neno "familia" mara saba. Nilihesabu.

Kisha gari la kijivu likaja polepole, vioo juu,
mistari minne begani mwa dereva.
Wiki mbili tulikuwa tumefanya mazoezi ya kuzomea,
na siku yenyewe sauti zikatukauka.
Orest peke yake alivua glavu, akaandika jina.

Sasa kijitabu kimechapwa, kidogo kama pasipoti,
majina thelathini na moja.
Hata marubani wa mashirika mengine wanacho mkobani.
Lorne akikwama Calgary, akaomba kiti cha ziada cha marubani arudi kwake,
mwenye ndege hufungua ukurasa, huufunga:
"Pole. Kimejaa."
Kiti kinaruka kitupu, kimefungwa mkanda.

Amekula chumvi nyingi mzee huyu, kama barabara za Winnipeg,
na kama barabara za Winnipeg, chumvi nayo imemla.
Wanasema nyumba ilikuwa mikononi mwa benki.
Wanasema mwanawe alicheza kamari.
Wanasema hapana sababu, aliogopa tu.
Mimi niliuza gari. Orest aliuza kinanda cha marehemu mkewe,
watu wanne wakakibeba, naye akashika mlango.
Kwa hiyo nisisimuliwe shida.

Na tulipata nini? Saa tisa na nusu.
Hiyo nusu iliyobaki mezani ndiyo inayoniamsha.
Lakini tisa na nusu hizo Lorne naye anazilala,
na godoro halimuulizi mtu
alisimama wapi theluji ilipoanguka.

Thompson. Upepo kutoka kushoto, mkali, wa vipande vipande.
Ndege iko mikononi mwangu.
Naupa bega. Mkono wake unanyanyuka,
unanijia nusu njia,
unatua kwenye paja lake.
Nanyoosha pua. Gurudumu moja, halafu la pili.
Nasikia pumzi ikimtoka, ndefu,
ambayo haimo kwenye orodha yoyote.

"Orodha ya baada ya kutua," akasema.
Nikaisoma polepole kuliko kanuni inavyotaka,
naye akajibu polepole,
mstari kwa mstari,
mpaka mistari ikatuishia.