Vyote Vilivyomo Vitafutwa

Umeme ulikatika Tandika saa tatu na robo
kompyuta ya duka ikiwa katikati ya kujisasisha.
Uliporudi, kioo kilinitazama, cheusi,
na sentensi moja nyeupe: hakuna cha kuwashia.
Nikabonyeza tena. Hakuna cha kuwashia.
Mlangoni wateja wawili na vyeti vyao vya kuzaliwa,
mmoja ameshaanza kusonya.

Mshamu, mtoto wa dada, akaniambia kwa simu:
"Mama mdogo, mashine haijafa.
Imesahau tu namna ya kuamka.
Tafuta faili zima la mfumo, gigabaiti nne na ushee,
uliandike kwenye flashi. Usinakili, nakuomba.
Ukinakili utapata gunia la spea, si gari.
Liandikwe kuanzia sekta ya kwanza kabisa,
pale mashine inapopapasa
kabla haijajua kusoma."

Nikanunua kifurushi cha usiku.
Laputopu ya kuazima, ya Bi Zamda wa vitenge,
kibodi haina M, unabonyeza kidonda cha mpira.
Asilimia sitini na moja. Mbu.
Asilimia sitini na mbili.

Alfajiri tukahakiki.
Herufi na tarakimu sitini na nne kwa mstari,
Mshamu anasoma, mimi nafuata kwa kidole,
vile tunavyosomeana tokeni ya LUKU gizani:
tisa, e, sifuri, sifuri, b, saba...
"Rudia hapo."
...sifuri, b, saba.
Zikalingana zote. Nikasema alhamdulillahi
kwa hesabu nisiyoielewa hata chembe.

Ikabaki flashi.
Ninazo nne, tatu ni ndogo.
Yenye kutosha ni ile ya manjano,
na ndani yake mna faili moja tu:
MICHANGO MWISHO KABISA 2.

Harusi ya kaka yetu Sefu. Mimi mweka hazina.
Majina arobaini na saba, na mbele ya kumi na tisa
neno lile lile: ahadi.
Mzee Pazi, laki mbili, ahadi.
Kilongozi, laki na nusu, "anatoa Ijumaa",
Ijumaa isiyo na mwezi wala mwaka.
Mpishi alidai, mwenye ukumbi alidai,
nikaziba kwa mtaji wa duka;
ndiyo maana mashine hii ni kuukuu hivi.
Bibi harusi alirudi kwao kabla albamu haijatoka.
Mimi nilibaki na orodha.
Nikikutana nao sokoni tunaulizana hali,
na kwenye paji la uso la kila mmoja
nasoma tarakimu.

Programu ikauliza kwa adabu:
Vyote vilivyomo kwenye kifaa hiki vitafutwa. Uendelee?

Ningeweza kuihamisha orodha kwanza.
Nafasi ipo, kwenye laputopu iliyo mapajani mwangu.
Mstari wa thelathini na moja:
Bi Zamda (vitenge), elfu hamsini, ahadi.

Nikakaa.
Muuza kahawa akapita akigonga vikombe.
Nikabonyeza ndiyo.

Dakika kumi na mbili, mstari wa kijani ukitambaa.
Nikachomeka flashi kwenye mashine ya duka,
nikashikilia kitufe, kioo kikapepesa,
kikauliza, kama mgeni aliyeamka nyumba ya watu:
Chagua lugha.

Mchana Bi Zamda akafuata chake.
"Imekusaidia?"
"Imenisaidia."
Akasimama mlangoni kidogo, akageuza kanga begani,
akataka kalamu mbili za bluu.
Akaweka noti ya elfu kumi juu ya kaunta
akaondoka bila kungoja chenji.
Sijui. Labda alikuwa na haraka.

Flashi iko kwenye droo, nimeibandika karatasi: YA KUWASHIA.
Haina jina la mtu yeyote ndani yake.
Kilongozi, laki na nusu.
Hiyo, hata wanichome diski nzima,
bado naikumbuka.