Safu ya Kipaji

Mama mwenye nyumba, hapa Nkuhungu, alisikia neno gongo
mara tatu usiku mmoja kupitia dirishani,
asubuhi akaja kunusa ndoo zangu.
Nikamwonyesha kompyuta: mpira wa magongo, mama,
mchezo wa kuongoza timu. Wachezaji hawapo,
nawaumba.
Akasema, basi waumbe wanaolipa kodi.

Nikawaumba kwa jedwali. Kila mkoa
na mfuko wake wa majina, urefu wa wastani,
kasi, pumzi, umri wa kuanza,
na pembeni kabisa namba moja: kipaji.
Dar es Salaam sabini na moja. Arusha sitini na nne.
Dodoma nikaandika ishirini na sita,
nikanywa chai, nikahamia Singida.

Misimu arobaini ilipita kwa dakika tisa,
feni ikilia kama mashine ya kusaga ya Kizota.
Nikafungua timu ya taifa, mwaka kwa mwaka.
Hakuna Sechelela. Hakuna Lechipya.
Hakuna hata Chiwanga mmoja wa kukaa benchi.
Nikalisaka kosa mstari kwa mstari
hadi umeme ukakatika,
na gizani nikakumbuka: ishirini na sita
niliiandika mimi, na sikumuuliza mtu.

Dada yangu Madeje alicheza Bahi
kwenye mbuga iliyokauka ikapasuka vigae,
mpira wake matambara na uzi wa gunia,
gongo lake tawi la mkwaju lililopindia kushoto.
Kiwandani hawatengenezi gongo la kushoto.
Aliuona mpira kabla haujaamua uende wapi.
Mvua ya Desemba ikishuka, uwanja unageuka jaruba,
naye anageuka mkono wa jembe mpaka Mei.
Skauti alikuja mara moja tu.
Alikuja Februari.

Nimeikata safu ile katikati.
Kipaji: karata zichanganywe sawa, Bahi kama Masaki.
Ubavuni mwake safu mpya, kuonekana,
na hii Dodoma nimeiacha chini kwa makusudi:
viwanja vingapi, kocha yuko kilomita ngapi,
mwezi upi mikono iko shambani.

Ndahani, ninayegawana naye meza na bando,
anasema nimeufanya mchezo mgumu bure,
watu watakasirika.
Wakasirike.
Atakayemtuma skauti Bahi wakati wa kifuku
atapokea ujumbe: Hakuna mtu uwanjani.
Mwanzoni uliandikwa: Hakuna mchezaji.
Neno moja hilo lilinila wiki nzima.

Jana, jaribio la mwisho. Msimu wa saba,
mwezi wa sita, huku nje upepo ukivuta bati,
mashine ikanitolea kipa:
Foibe Lechipya, miaka kumi na sita, Bahi.
Kipaji, themanini na tisa.
Kuonekana, nne.

Kidole kikaenda kwenye ile nne.
Ningeweza. Nani angejua?
Nikakirudisha, nikahifadhi faili,
nikampigia Madeje simu.
Alikuwa anapepeta mpunga,
upepo umejaa mdomo wa simu, maneno yanaruka na makapi,
nikasikia tu: huu upepo siuachii,
nitakupigia.